Kichwa cha miaka kumi na miwili, moyo wa miaka minane

(Maneno ya kamati ya masomo ya chama chetu, mbele ya wazazi na walimu, kabla ya kufungua mwaka wa shule. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.)

 

Kila mara chama kikiita mkutano juu ya shule, tunazungumzia wanaoshindwa. Yule aliyerudia darasa mara mbili, yule aliyeacha masomo akaenda kubeba mizigo bandarini, yule ambaye karatasi zake za shule zilibaki ng'ambo ya ziwa. Ni haki, na tutaendelea. Lakini leo tumeomba nafasi kwa mtoto mwingine, yule ambaye hakuna mtu anamuombea kitu, sababu kila mtu anaona Mungu amekwisha kumpa. Ni mtoto mwenye akili nyingi sana. Anasoma kabla ya wenzake, anahesabu kichwani, anauliza maswali mpaka mwalimu anatazama saa. Siku ya kutangaza pointi anaitwa wa kwanza, watu wanapiga vigelegele, anamwagiwa poda kichwani, mama anacheza. Sisi wote tunasema: huyu ameshafika.

Hajafika. Kati ya watoto wa wanachama tunaowafuata, mmoja wa darasa la tatu alipasua buleti yake mbele ya watu, juu ya kuwa wa pili. Mwingine, msichana, ameanza kuandika makosa kwa makusudi kwenye dikte, ili wenzake waache kumwita "ule wa kambi anayejifanya". Mwingine hachezi na mtu. Anakaa karibu na wazee, anasikiliza habari za vita kwenye redio, na usiku halali. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa pointi, njo maana hakuna aliyewaona.

Jambo hili haliko kwetu tu. Huko New York kulikuwa mama mmoja, mwalimu wa saikolojia, jina lake Leta Hollingworth, aliyezaliwa Nebraska mwaka 1886. Mwaka 1916 alimpima mtoto ambaye kipimo chake cha akili kilipita 180, wakati mtoto wa kawaida anakuwa karibu na 100. Alishangaa, akaanza kutafuta wengine wa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20 alipata 12 tu, akawafuata mmoja mmoja vile walivyokua. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1942, yeye mwenyewe alikuwa amekufa miaka mitatu mbele.

Aliona nini? Aliona kwamba taabu yao kubwa ilikuwa kwenye michezo na urafiki, sana sana walipokuwa na miaka kati ya 4 na 9. Mtoto anataka mchezo wenye sheria nyingi, wa umri wake wanataka kukimbia tu. Anakimbilia wakubwa, wakubwa wanamfukuza: mwili wake ni mdogo. Aliona pia kwamba mtoto aliyewazidi wenzake kwa kiasi anapata marafiki, hata anakuwa kiongozi wao, lakini aliyewazidi mno anabaki peke yake, maana anachokisema wenzake hawakishiki. Na alisema mtoto huyo anapaswa kufundishwa namna ya kuishi na watu wasioelewa haraka kama yeye, bila kuwadharau na bila kukata tamaa.

Kufundishwa, ndugu zetu. Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Sisi tunafikiri akili inakuja na adabu yake, na uvumilivu wake, na urafiki wake, vyote mfuko mmoja. Haviji mfuko mmoja. Mwaka 1991 kikundi cha wazazi na wataalamu kilikutana Columbus, huko Ohio, kikaeleza watoto hawa kwa neno hilo hilo: akili, moyo na mwili wao havikui kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miaka minane anaweza kuwa na kichwa cha miaka kumi na miwili, lakini akikosa kitu analia kama wa miaka minane, siku nyingine kama wa sita. Mzazi anakasirika: "Weye na akili yako yote, unalia juu ya kalamu?" Ndiyo, analia juu ya kalamu. Ana miaka minane.

Kwa watoto wa sisi tuliorudi, kuna uzito juu ya uzito. Wengine tulivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka, tangu ile safari ya meli ilipofunguliwa mwaka 2005. Wengine tulitoka Zambia kuja Moba na Pweto. Watoto wamezaliwa njiani, wamesoma hapa na pale. Chukueni mtoto aliyesoma shule ya serikali ya Tanzania, kwa Kiswahili, akiwa wa kwanza. Anafika hapa, anakuta Kifaransa. Anarudishwa madarasa mawili nyuma. Sasa ana miaka 11, amebanwa kwenye benchi na watoto wa miaka 8 au 9. Hesabu ya ubaoni anaijua yote, lakini hana maneno ya kuisema. Juma la kwanza ananyamaza. Mwezi wa pili anaanza kuchokoza. Mwezi wa tatu mwalimu anamuandika mkaidi, na mzazi akiitwa anakuja na fimbo. Kumbe mtoto hakuwa na neno moja la kueleza kilichompata.

Basi tunaanza na maneno. Mtoto wa akili anapenda maneno, ni chakula chake, na Kiswahili chetu ni tajiri upande huu. Tuna hasira, na tuna kinyongo, ambacho ni hasira iliyolala ndani na haikuondoka. Tuna haya, inayokuzuia mbele ya kufanya kitu kibaya, na aibu, inayokushika kisha watu kukuona. Tuna wivu na tuna kijicho. Tuna woga, wasiwasi, upweke, uchungu, hamu. Mwalimu mwenye watoto 70 au 80 hawezi kumuuliza kila mmoja "umeamkaje moyoni", tunajua. Lakini anaweza kuandika maneno mawili ubaoni asubuhi, akauliza yanaachana wapi, akaacha watoto watatu wajibu. Ni dakika tano. Mmoja wa walimu wetu amelifanya kwa haya na aibu, na yule mtoto aliyekuwa anaitwa mkaidi alisema mbele ya wote: "Miye niko na aibu ya kukaa na watoto." Kutoka siku ile mwalimu alijua anashughulika na nini. Alimtafutia maneno ya Kifaransa ya hesabu, kama thelathini hivi, kwenye karatasi moja, na mtoto akaanza kunyoosha mkono. Nyumbani pia, anayejua Kibembe, Kifuliiru au Kitabwa aongeze ya lugha yake. Kuna uchungu mwingine unasemwa vizuri kwa lugha ya bibi tu.

Jambo la pili ni kushindwa. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza hajawahi kufanya mazoezi ya kushindwa, na kushindwa kunataka mazoezi kama hesabu. Hapa tunawauliza wazazi watazame maneno wanayoyatumia kusifu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa matokeo ya majaribio na watoto wa darasa la tano. Waliwapa mafumbo, watoto wakafanya vizuri. Kundi moja likaambiwa: mna akili. Lingine likaambiwa: mmejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu, wote wakashindwa, na mwisho mafumbo ya usawa wa yale ya kwanza. Walioambiwa wana akili wakashuka. Walioambiwa wamejitahidi wakapanda. Na walipoombwa kumuandikia mtoto wa shule nyingine wasiyemjua pointi walizopata, wale walioitwa wenye akili, karibu 4 kwa 10, waliandika pointi zaidi ya zile walizozipata. Walidanganya mtu ambaye hawatamuona maisha yao yote. Sasa fikirini yule anayepaswa kurudi nyumbani na kumuonyesha baba.

Hatusemi msipige vigelegele. Furaha ya siku ile ni yetu sote, na poda tutanunua. Tunasema kwamba kati ya vigelegele na vigelegele kuna miezi kumi, na katika miezi hiyo mtoto asikie: "Hesabu hii ilikusumbua siku mbili, na hukuiacha." Asikie pia mtu mzima akisema "mimi sijui hii, tutafute". Na acheze. Wengi wetu kambini tulicheza drafti ya vifuniko vya soda mpaka giza. Leteni mchezo ule nyumbani. Mtoto wa akili ataukamata haraka, na atashindwa na mjomba asiyejua kusoma, na hiyo ni dawa nzuri kuliko hotuba yetu hii. Sheria ni moja: aliyeshindwa anapanga vifuniko upya na kusema "tena". Akipindua ubao, mchezo umeisha leo, kesho unaanza. Hakuna kumcheka wala kumpiga.

Walimu, neno letu kwenu ni juu ya ile kazi mnayompa akimaliza mbele ya wengine. Tunajua vile inakwenda. Amemaliza, anasumbua, basi anafanywa kiranja (hapa tunasema shefu wa darasa) na anapewa karatasi ya kuandika majina ya wanaopiga kelele. Wenye majina wanachapwa. Halafu tunashangaa anarudi nyumbani peke yake, au anarudi na nguo imepasuka! Karatasi hiyo, tunawaomba, mumuondolee. Kama mnataka asaidie, mumfundishe kusaidia, maana hajui. Yeye jibu linamfikia bila kupita njiani, na akielezea anasema "ni rahisi", neno linaloumiza kuliko tusi. Mumfundishe maswali mawili tu: "Umefika wapi?" na "Hapo ulifanya nini?" Asishike kalamu ya mwenzake. Asitoe jibu. Mtoto aliyejifunza kuuliza hivyo na kungojea, amejifunza uvumilivu, na mwenzake amepata hesabu. Lakini isiwe kila siku. Naye alikuja shuleni kujifunza, hakuja kuwa mwalimu wa pili bila mshahara. Siku nyingine apewe hesabu ngumu, ngumu kweli, inayomrudisha kwenye kuuliza: "Mwalimu, nisaidie." Wengi wao hawajawahi kusema sentensi hiyo, na tunaogopa siku watakayoihitaji, labda kwenye sekondari, kinywa kitakuwa kimefungwa.

Mmetuuliza kama ni vizuri kumrusha darasa. Hatuna jibu moja. Mwaka 2004 chuo kikuu cha Iowa kilitoa ripoti iliyokusanya uchunguzi wa miaka mingi wa Marekani, na iliona kwamba kwa jumla watoto walioharakishwa walifaidika kwa masomo na hawakuharibika kwa urafiki. Basi kuruka kwenyewe si ubaya. Lakini kabla ya kukubali, mtoto aulizwe, na direkta aseme atakaa karibu na nani, atatembea na nani kurudi nyumbani, na ni nani wa darasa la juu amekubali kumpokea. Akiruka bila mtu wa kumpokea, atakuwa mgeni mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na watoto wetu wamekuwa wageni ya kutosha.

Sasa tunakuja kwenye neno ambalo wengine walitaka tuliache nje ya mkutano. Tumekataa kuliacha.

Mtoto wa miaka saba anaongea kama mzee. Anakumbuka majina ya wote waliokufa njiani. Anamwambia mgeni mbele ya watu: "Juzi ulisema vingine." Anaamka usiku, anauliza kufa ni nini. Halafu nyumbani kunaingia taabu. Baba anakosa kazi, mama wa kambo anapoteza mimba, mdogo anashikwa na homa. Mtu mmoja anasema: "Huyu mutoto, akili hii ameitosha wapi?" Mwingine anajibu kwamba mtoto wa hivi hakosi kitu. Hapo neno ulozi limekwisha kuingia ndani ya nyumba, na mnajua linakwenda wapi. Mtoto ananyimwa chakula, anafungwa, anaombewa kwa fimbo, anafukuzwa, analala sokoni. Wengi wanaokumbwa na jambo hili ni yatima na watoto wanaolelewa na ndugu. Nasi tuliorudi tuna wengi wa hao.

Tuseme wazi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na faini. Hata kama aliyesema ni mchungaji, hata kama ni shangazi. Mtoto anayejua mambo mengi ameyajua kwa sababu anasikiliza, na sisi tunaongea mbele yake tukidhani amelala.

Kuna kitu cha kumfundisha hapa pia, na tunakisema kwa woga, msije mkakisikia vibaya. Mtoto huyu hasomi nyuso za watu vile anavyosoma kitabu. Hajui kwamba kuna kweli inayosemwa mbele ya wote na kuna kweli anayonong'onezwa mama. Mumfundishe kama mnavyomfundisha kuvuka barabara: "Ulichokiona ni kweli. Kabla ya kukisema, tazama uso wa mtu. Kama ni kitu cha kumpa haya, uje uniambie mimi kwanza." Mfanyeni mazoezi nyumbani, kwa mchezo, mmoja ajifanye mgeni. Inamlinda. Lakini yule anayemwita mlozi hana udhuru, hata mtoto akiwa amesema neno gani. Na mazoezi haya yasigeuke kumfunga mdomo. Kama nyumbani hakuna mtu mmoja ambaye mtoto anaweza kumwambia kila kitu, basi hamjamfundisha adabu, mmemfundisha woga.

Kwa wasichana tunaongeza machache. Wanajificha mapema kuliko wavulana, sababu wanasikia jikoni kwamba mwanamke wa akili nyingi hapati bwana. Yule anayeandika makosa makusudi, hakuna aliyemuamuru. Alihesabu mwenyewe, akaona ni bei nafuu. Tafuteni msichana mwingine mmoja anayependa kusoma, hata wa mtaa mwingine, muwaache wakae pamoja mara moja kwa juma, bila mtoto mgongoni na bila ndoo. Mara moja tu.

Na jambo la mwisho ni kazi ya uandishi wa nyumba. Nyumba nyingi zetu mtoto huyu ndiye msomaji. Anasoma karatasi ya hospitali, anasoma ujumbe wa simu wa mkwe anayedai, anasoma barua za shamba, na mnajua kesi za mashamba zilivyo kwetu tangu turudi. Amekuwa katibu wa ukoo akiwa na miaka tisa. Anajua deni, anajua ugonjwa wa baba, anajua nani ametishia nani. Hatuwezi kuwaambia muache, wengine hamna msomaji mwingine. Tunaomba mawili. Karatasi za kesi na za ugonjwa mzito, zileteni kwenye kamati, tuna watu watatu wazima wa kuzisoma na kunyamaza. Na zile anazozisoma yeye, akimaliza aambiwe: "Asante. Kazi yako ilikuwa kusoma. Kutafuta pesa ni kazi yetu." Halafu aende kucheza. Akiuliza juu ya vita, ajibiwe kwa kifupi na kwa kweli, redio ifungwe saa ya kulala. Kumwambia "hakuna kitu" hakusaidii. Yeye amekwisha kusikia kwamba kuna kitu.

Kamati imeamua hivi. Kuanzia juma la pili la masomo, kila siku ya posho, kuanzia saa nane mpaka saa kumi, tutakuwa na kikundi cha watoto wa darasa la tatu mpaka la sita, kwenye uwanja wa nyuma wa ofisi ya chama. Hakitakuwa kikundi cha wenye akili tu, tumebishana sana juu ya hilo, na walioshinda ni wale waliosema tukiwatenga tutawaharibu zaidi. Kila mtoto tutakayemuita atakuja na rafiki anayemchagua mwenyewe. Asiye na rafiki wa kuleta, tutajua tuanze na nani. Walimu wawili wamejitoa, hawalipwi. Hakuna mchango wa pesa. Tunahitaji vifuniko vya soda, vya rangi mbili, kama mia mbili, na mbao nne zilizolainishwa. Wenye kantini, mtukumbuke.

Mwenye mtoto tuliyemzungumzia asingoje tumtaje mbele ya watu. Tutabaki chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja, aje taratibu. Sasa maswali, na tuanze na wamama waliokaa nyuma.